Kifusi cha nyumba ya zamani kinatoa tofali, ila si chote

"Assalaam alaykum mhandisi. Nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Wete, si mbali na bandarini, tumekubaliana kuibomoa maana haikaliki tena. Kuta ni matofali ya saruji ya miaka ya themanini, msingi ni wa mawe, sakafu ni zege, kama mita 6 kwa 8. Vyumba vya mbele vilitiwa dari la jipsamu miaka ya karibuni, na banda la uani limeezekwa yale mabati magumu ya kijivu ya zamani, ya mawimbi. Mchanga umepanda bei na kila siku tunaambiwa tusubiri. Mwanangu ananionyesha kwenye simu watu wanasaga kifusi wanapiga matofali. Fundi wangu anasema kifusi ni taka, tofali lake halimalizi mwaka. Mwengine kasema kifusi kina saruji yake tayari, kwa hivyo nitapunguza saruji. Nataka kujenga vyumba viwili na choo, fundi kahesabu matofali 900 ya inchi 6, na ukuta wa uzio matofali 300. Nimsikilize nani?"

Waalaykum salaam dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Katika hao watatu, mwanao ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa simu haikumwonyesha kazi inayotangulia kusaga. Fundi wako naye simlaumu. Kifusi alichozoea kukiona ni kile kilichosukumwa pamoja: zege, plasta, udongo, jipsamu, misumari na mifuko ya nailoni ndani yake. Hicho kweli hakifai tofali. Wa kumkwepa ni yule wa kupunguza saruji. Kinacholiharibu tofali la kifusi ni mambo mawili: vitu vilivyochanganyika na zege, na maji ambayo kifusi hunywa bila ya mtu kuyahesabu. La pili lina dawa, nitalieleza. La kwanza halina dawa ikishachanganyika, lakini nyumba yako bado imesimama, kwa hivyo hujachelewa.

Naanza na banda la uani, maana hilo halingoji. Bati gumu la kijivu, la mawimbi, lisilo la chuma, ambalo likianguka huvunjika kama kigae, kwa jengo la umri huo lichukulie kuwa ni la asbesto mpaka maabara iseme vyengine. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa jicho. Zikipeperuka na kuvutwa kwa pumzi hukaa mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati mwengine zaidi ya ishirini. Bati zima lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Hatari inaanza linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno, na zaidi ya yote linaposagwa. Fundi asiyagonge ili yashuke upesi. Watoto wasicheze hapo. Vipande vilivyokwisha kuanguka visifagiwe vikavu. Toeni taarifa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA, kabla ya kibarua yeyote kupanda juu, muelekezwe namna ya kuyashusha mazima yakiwa yameroweshwa na mahali pa kuyapeleka. Vipande vichache vikiingia katika lundo la kusaga, lundo lote usilitumie.

Sasa hiyo hadithi ya saruji iliyomo tayari. Saruji haigandi kwa kukauka, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Huganda kwa sababu unga wake unapokutana na maji hubadilika ukawa kitu chengine, na fuwele zinazozaliwa hapo ndizo zinazoshikana na mchanga. Mabadiliko hayo hutokea mara moja tu, hayarudiwi. Zege la mzee limeshabadilika tangu miaka ya themanini. Ukilisaga likawa unga laini kama saruji ya mfuko, ni kama wali uliokwisha kuiva: utaupasha moto, lakini hutaupika tena. Kwa hivyo katika hesabu yako kifusi kinakaa upande wa mchanga na kokoto, na mfuko wa saruji unabaki kama ulivyo.

Kwamba tofali la kifusi halimalizi mwaka, hilo si kweli. Ujerumani, baada ya vita kumalizika mwaka 1945, walijenga sehemu ya miji yao kwa matofali na zege la kifusi kilichosagwa, kwa sababu kifusi ndicho walichokuwa nacho. Majaribio yaliyofanyika Hong Kong miaka ya mwanzo ya elfu mbili yalionyesha kuwa robo hadi nusu ya mchanga na kokoto ikibadilishwa kwa kifusi safi cha zege, nguvu ya tofali haipungui sana. Ukizidisha hapo, huanza kushuka. Nusu basi ndiyo mwisho wetu, na kwa vyumba vya kulala nitakwambia tusifike huko.

Kabla ya kusaga chochote, tuiangalie nyumba yako kipande kipande.

Mawe ya msingi yasisagwe. Jiwe lililokaa miaka arubaini chini ya ukuta bila ya kupasuka limeshafaulu mtihani wake. Lisafishe udongo, lirudishe kwenye msingi mpya.

Kuta ndizo zinazowadanganya watu, kwa sababu ndizo zinazotoa lundo kubwa. Chukua tofali, ligonge kwa nyundo ndogo. Likilia kama chungu kizima, ni zuri. Likitoa sauti bubu, au kona ikimomonyoka ukiikwaruza kwa kucha, lilipigwa kwa saruji kidogo. Mazuri yanayotoka mazima yachongwe udongo wa saruji kwa patasi, yapangwe kivulini, yatumike kwenye uzio. Hakuna tofali la kifusi la bei nafuu kuliko tofali zima ulilonalo. Yaliyovunjika usiyasage kwa ajili ya matofali, maana tofali la mchanga ukilisaga hupati kokoto. Unapata mchanga ule ule umevaa ganda dhaifu la saruji ya zamani. Hayo yavunje vipande vya ngumi, yashindilie chini ya sakafu mpya. Hapo yana kazi nzuri kabisa na yatakupunguzia gari za kifusi cha kununua.

Mali iko sakafuni. Zege la sakafu lina kokoto halisi ndani yake, na mita 6 kwa 8 kwa unene wa sentimita 10 ni karibu mita 5 za ujazo. Likivunjwa huvimba kwa sababu ya nafasi baina ya vipande, ukapata mita 7 mpaka 8. Ukifika kwenye mchanganyiko utaona kwamba hiyo peke yake inakaribia kutosha kazi yako yote. Lakini pima unene kwanza: toboa pembeni mwa mlango utie futi. Sakafu nyingi za nyumba za kawaida ni sentimita 7 au hata 5, na hapo hesabu inashuka. Kama juu yake pana vigae au tabaka ya saruji laini, ibanduwe kwanza uiweke mbali.

Linta, ile boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, ina zege zuri, pengine kuliko sakafu, ila kuitoa nondo kwa mkono ni kazi ya kutwa. Nondo iliyokwisha kuliwa na kutu muuzie wa vyuma chakavu, usiirudishe kwenye jengo. Zege na matofali ya karo la choo hayasagwi. Yamekunywa chumvi na uchafu wa miaka yote hiyo.

Jipsamu nailaza peke yake kwa sababu madhara yake hayaonekani siku ya kazi. Ina salfeti, kemikali yenye salfa. Ikikutana na saruji mpya penye unyevu hutengeneza fuwele zinazovimba, na zinavimba ndani ya tofali lililokwisha kukakamaa, halina pa kunyooka. Tofali linatoka kalibuni zuri, linajengwa, linapigwa plasta, na baada ya masika moja au mbili nyufa nyembamba kama utando wa buibui zinaanza kutokea. (Kiwandani saruji hutiwa jipsamu kidogo makusudi isigande haraka. Kinachodhuru ni ziada.) Asilimia moja tu ya salfeti katika kifusi inatosha kukutia wasiwasi. Ndiyo maana bomoa yako iende kinyume cha ujenzi: milango, nyaya na mabomba, halafu dari la jipsamu lote litoke na vumbi lake lifagiliwe, halafu paa na mbao, halafu plasta ya ukutani, khasa iliyopakwa rangi, halafu kuta. Sakafu iwe ya mwisho, na ifagiwe kama ya kuswalia kabla ya nyundo ya kwanza kushuka.

Kusaga. Mashine ikipatikana, sawa. Isipopatikana, akinamama wanaogonga kokoto wanaijua kazi hii kuliko mashine: kipande kinawekwa ndani ya pete ya mpira wa tairi ili kisiruke, nyundo ya ratili tatu au nne inamaliza. Zege linyunyizwe maji kabla ya kugongwa. Vumbi la zege lina chembe za mchanga mgumu ambazo zikijilundika kifuani huharibu mapafu, na kitambaa cha mdomoni hakizuii. Tafuta barakoa za kazi, zile zinazokamata pua. Nyavu mbili zinatosha kuchekecha: ya nusu inchi na ya robo inchi. Kinachobaki juu ya nusu inchi kinarudi kwenye nyundo. Kinachopita nusu na kubaki juu ya robo ndiyo kokoto ya kifusi, bora yako. Kinachopita robo ni chenga, zitumike kwa hadhari. Vumbi lenyewe, linalopita hata wavu wa mbu, litoe, maana linafunika chembe nyengine na kuilazimisha saruji kugawanyika juu ya eneo kubwa mno.

Kujua kama chenga zina udongo mwingi, tia chenga nusu chupa ya glasi yenye ubavu ulionyooka, jaza maji robo tatu, tia kijiko cha chai cha chumvi, tikisa sana, iache asubuhi mpaka jioni. Mchanga utakaa chini na matope juu yake. Pima kwa rula. Matope yakizidi sehemu 8 kwa kila 100 za urefu wa mchanga, osha chenga au uziache. Mchanga wa kununua nao ufanyie hivyo hivyo, utashangaa.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo fundi mzuri anapoharibu tofali la kifusi bila ya kujua. Kokoto ya jiwe gumu hufyonza maji kidogo, kilo moja hadi mbili katika kila kilo 100. Kokoto ya zege la zamani imevaa saruji iliyojaa vitundu, na hunywa kilo 4 mpaka 10. Chukua ndoo 4 za lita 20 za kokoto yako, kavu. Ni kama kilo 95. Zikinywa 6 kwa 100, zimekunywa karibu lita 6. Mfuko mmoja wa saruji kwa kazi ya matofali unataka maji yote kiasi cha lita 25 hadi 30. Kwa hivyo karibu robo ya maji yameingia ndani ya kokoto na hayarudi upesi. Fundi anaona mchanganyiko uko sawa, baada ya dakika kumi umekauka kama unga wa mhogo, anaongeza maji kwa jicho, safari hii mengi. Tofali la mwanzo linatoka lenye njaa ya maji, la mwisho limelewa. Hapo ndipo inapotoka ile kauli kwamba tofali la kifusi ni bovu.

Dawa ni kuishibisha kokoto kabla. Jioni ya kuamkia kazi mwagia lundo maji, lipindue kwa pauro, mwagia tena, lifunike nailoni. Asubuhi lifunue mapema likae kidogo. Unataka kokoto iliyoloa ndani lakini juu haing'ari maji. Ukiikamata kiganjani kinabaki unyevu, si tope. Ukitaka kujua kifusi chako kinakunywa kiasi gani, anika kilo 5 juani mpaka zikauke kabisa, zitie majini siku nzima, zifute kwa kitambaa, pima. Zikifika kilo 5.3 ni 6 kwa 100, na ni sawa. Zikipita kilo 5.5, kifusi hicho peleka chini ya sakafu.

Kwa kuwa uko karibu na bandari, liko suala la chumvi. Tofali halina nondo, kwa hivyo chumvi haitalivunja kwa kutu. Lakini chumvi hutembea na unyevu. Hutoka juu ya ukuta kama ungaunga mweupe, ikabandua rangi na kuitoa plasta, na ikifika kwenye linta au nguzo inaila nondo. Kama una nafasi, liache lundo lililochekechwa juu ya sakafu yenye mteremko lipigwe na masika, mvua ilioshe. Kama huna subira, osha kwa maji matamu mara mbili tatu na uyamwage. Mchanga wa pwani usiuguse. Ni kosa kisheria na chumvi yake inakurudisha pale pale. Na kwenye zege lolote lenye nondo, iwe linta, nguzo au slabu, usitie kifusi hata kiganja.

Mchanganyiko ninaokupendekezea ni fungu moja la saruji kwa mafungu manane. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hivyo mafungu manane ni ndoo 14 za lita 20, zilizojaa na kukatwa kwa ubao. Kwa vyumba: mchanga ndoo 10, kokoto ya kifusi ndoo 4, chenga usitie. Kwa uzio: mchanga ndoo 7, kokoto 4, chenga 3. Kuna faida hapa ambayo mafundi wengi hawaitarajii. Tofali la mchanga mtupu lina chembe ndogo tu na nafasi nyingi baina yake; ukitia kokoto ndogo, mchanga unajaza nafasi zilizo baina ya kokoto, na tofali linapata mifupa. Ndiyo maana ninaipenda kokoto kuliko chenga, hata pale chenga zinapopatikana kwa wingi.

Changanyeni kavu kwanza mpaka rangi iwe moja, halafu maji kidogo kidogo. Kokoto ikiwa imeshiba, anza na ndoo moja kwa mfuko mmoja. Kamata mchanganyiko kiganjani uubane: ukibaki umeshikana na mkono umeloa bila ya kudondosha, acha. Usichanganye zaidi ya kile kinachokwisha ndani ya saa moja.

Hapa sasa ndipo ugomvi wako na fundi utakapoanza, na si kwa sababu ya kifusi. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu, inchi 18 kwa 9, lina ujazo wa karibu lita 16. Mchanganyiko wa mfuko mmoja niliokutajia unatoa matofali 16. Muulize fundi wako kwa kawaida anatoa mangapi. Akisema 35, maana yake anaweka fungu moja kwa mafungu kama kumi na saba, na hata kwa mchanga safi kabisa hilo ni tofali linalobomoka kona kwenye gari. Ukimpa na kifusi, atapata tofali baya na kifusi ndicho kitakachosingiziwa. Kwa matofali yako 1,200 hesabu yangu ni mifuko 75. Yake ni 34 na kidogo. Najua tafauti hiyo inauma. Kwa uzio usiobeba paa naweza kukukubalia ufike matofali 20 kwa mfuko, si zaidi. Ukitaka kuokoa saruji kwa njia ya halali, tafuta mashine ya matofali yenye matundu, yanakula mchanganyiko mdogo zaidi kwa ukuta ule ule.

Kwa mifuko hiyo 75, kokoto ya kifusi inayotakiwa ni ndoo 300, mita 6 za ujazo, na chenga ndoo 57, mita moja na kidogo. Ndiyo maana nilisema sakafu yako inakaribia kutosha kama ina unene wake. Isipotosha, maliza uzio kwanza, vyumba vipigwe kwa mchanga na kokoto za dukani.

Kushindilia: kalibu lijazwe kwa tabaka mbili au tatu, kila moja ipigwe. Kokoto ya kifusi ina kona kali, haitelezi kama mchanga, kwa hivyo inataka mapigo zaidi. Mashine ya kutikisa ni bora. Ukiona ubavu wa tofali una mashimo kama sega la nyuki, mchanganyiko ulikuwa mkavu au mapigo yalikuwa machache.

Kumwagilia maji hapa si jambo la hiari. Siku ya kwanza tofali lisiguswe, lifunikwe kwa makuti au magunia yaliyoloweshwa, chini ya kivuli. Kuanzia siku ya pili maji asubuhi, mchana na jioni, siku saba kwa uchache, kumi na nne ni bora. Upepo wa kusi ni mbaya kuliko jua, unakausha kona kabla ya katikati. Kinga upande huo. Ukipanga, mistari isizidi mitano mwanzoni. Lijengewe baada ya siku 28, likiwa limekauka. Tofali la kifusi husinyaa zaidi ya la mchanga, na likisinyaa likiwa tayari ukutani, ufa unatokea kwenye kiungo cha saruji na watu wanalaumu msingi.

Usipige 1,200 kwa mkupuo. Siku ya kwanza piga 12: sita za mchanga mtupu, sita za kifusi, fundi yule yule, mfuko ule ule, maji yale yale baadaye. Baada ya siku 28 lipime moja kwa uzani, litie majini siku nzima, lipime tena. Tofali la kilo 28 likivuta zaidi ya lita tatu na nusu lina vitundu vingi mno. Matatu ya kila aina yapeleke maabara ya vifaa vya ujenzi yavunjwe kwa mashine. Kwa ukuta unaobeba paa la nyumba isiyo na ghorofa, uliza kama yamefika niutoni 3.5 kwa milimita mraba. Kwa tofali lako ni kama tani 25 juu ya tofali moja kabla halijavunjika. Kuliangusha chini kutoka kifuani, kama wafanyavyo wengine, kunakuonyesha tofali bovu kabisa tu. La wastani na zuri yote yatapona.

Kuhusu pesa, nakuomba upige hesabu moja kabla ya kuanza. Uzio wa matofali 300 unataka mifuko 19 na, bila ya kifusi, mchanga ndoo 266. Ukitia nusu kifusi unaokoa ndoo 133, yaani karibu mita mbili na robo tatu za ujazo za mchanga. Chukua bei ya mchanga uliofika mlangoni kwako, igawe kwa ndoo, halafu uliza ujira wa kugonga na kuchekecha ndoo moja. Zikikaribiana, kifusi chako kinafaa zaidi chini ya sakafu. Pale mchanga unaposubiriwa kwa wiki kadhaa, au pale ambapo ungelipa gari kwenda kukitupa kifusi, mizani inaelemea upande wa kusaga. Patana kwa ndoo iliyochekechwa, si kwa siku.

Yako mambo ambayo maneno ya kuandikwa hayatoshi, aje mtu aone kwa macho. Kama nyumba inashirikiana ukuta na jirani. Kama vyumba hivyo viwili siku moja mnataka kuvipandishia ghorofa. Mhandisi aamue tofali na msingi kabla hata ya kupiga la kwanza. Kama zege la sakafu likivunjwa linatoa harufu ya mafuta, au ndani yake mna madoa meupe yanayovimba. Na wasomaji wengine wenye nyumba za mawe na chokaa, khasa Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, haya siyo majibu yenu: huko hakuna jiwe linaloguswa bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na kifusi cha mawe ya matumbawe na udongo mwekundu kina tabia tafauti kabisa na zege.

Kwako wewe, dada, wiki hii ni ya mambo mawili tu: taarifa ya mabati ya uani, na kutoboa sakafu pembeni mwa mlango ujue unene. Ukishapata namba hiyo, niandikie, tutakata hesabu ya ndoo upya.